Kuibuka kwa Mkono Mmoja

Juzi nilikuwa chini pale kwenye jengo la Tianxiu, hapa Guangzhou, nikisubiri lifti na wateja wangu wawili kutoka Kariakoo, mara wakaingia mafundi wamebeba rafu za mbao zilizopakwa mafuta siku ileile. Harufu ikajaa mlangoni. Ni harufu nzito, kidogo kama ya karanga zilizoanza kuchacha, kidogo kama ya dawa. Wateja wakaziba pua wakicheka. Mimi nikawaambia tangulieni, nitawakuta juu, nikatoka nje na kusimama kando ya barabara mpaka harufu iliponitoka puani.

Mafuta hayohayo Mama aliyapaka kwenye kafi lake.

Wengi wa rika langu tuliokulia huku Guangzhou tuna kumbukumbu zinazofanana: mabegi ya viwanda vya Shiling yaliyojaa sebuleni hadi hakuna pa kukaa, baba zetu na simu mbili mbili, wali wa tui la kopo, watoto wa shule wanaotaka kushika nywele zako. Hayo yote ninayo na mimi. Ila Mama yangu alikuwa na jambo lake ambalo sijakutana na Mtanzania mwingine aliyekuwa nalo. Alipanda kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, na alijua kupinduka nayo na kuibuka.

Mama alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja huku kusoma kwa ufadhili, na Baba akamfuata akiwa na mimi mgongoni, kisha akafungua ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo. Chuoni kwa Mama palikuwa na mwalimu wa michezo, mwanamke mrefu aliyeitwa Mwalimu Fang. Aliwahi kuishi miaka kadhaa nchi za kaskazini kabisa, kule kwenye barafu, na akarudi na ujuzi wa watu wa huko. Jumamosi asubuhi, kabla bwawa la chuo halijafunguliwa, aliwafundisha wachache waliotaka. Mama alitaka. Alijishonea nguo ya kuogelea ya kufunika mwili na kichwa, akanishika mkono, tukaenda.

Wawindaji wa kule, Mwalimu Fang alitueleza akiwa amekaa ukingoni mwa bwawa, huingia kwenye kayaki nyembamba na kujifunga kiunoni kwa ngozi ili maji yasipenye. Kayaki ikipinduka, mtu ananing'inia kichwa chini ndani ya maji ya barafu. Akijifungua atoke, baridi itamuua. Kwa hiyo inambidi aigeuze akiwa humohumo ndani, arudi juu pamoja na chombo chake. Wakabuni namna nyingi za kurudi: ya mwenye kafi, ya aliyepoteza kafi, ya aliyenaswa mkono na kamba, ya mwenye vidole vilivyokufa ganzi, ya aliyebakiwa na kibao kifupi tu cha kurushia chusa. Kila balaa iliwekewa namna yake.

Mimi, mtoto wa darasa la pili, nilisikia jambo jingine. Nilisikia kama mchezo wa kwenye simu ya Baba: ukimaliza hatua moja unafunguliwa nyingine ngumu zaidi, na mwisho wa zote unakuwa bingwa.

Kafi lake Mama alilichonga mwenyewe, kwenye kibaraza chetu, mtaa wa Xiaobei, kilichokuwa na upana wa mkeka mmoja. Mwalimu Fang alisema makafi ya dukani, yenye ncha pana kama sahani, hayafai kwa kazi hii. Kafi la watu wa barafu ni jembamba mwanzo hadi mwisho, na halipimwi kwa futi. Linapimwa kwa mwili wa mwenyewe. Mama alifurahi sana alipoambiwa vipimo. "Pima moja na dhiraa moja!" alimwambia Baba. "Sikiliza, Baba Rukia, watu wa barafu wanapima kama bibi yangu alivyokuwa akipima kitambaa." Akanyoosha mikono yote miwili ukutani, nikaweka alama ya penseli kwenye ncha ya kidole hiki na ncha ya kidole kile. Akaongeza kutoka kiwikoni hadi kidoleni. Upana ukawa ule ambao kiganja chake kiliweza kuukamata.

Mbao ilikuwa laini, nyekundu kidogo, na maranda yake yalijikunja miguuni kwangu kama maganda ya machungwa. Baba alirudi kutoka ofisini, akayaona hadi kwenye jiko, akasema, "Mama Rukia, sisi tunauza mabegi au madau?" Lakini ndiye aliyekwenda kutafuta msasa mzuri. Mama alipomaliza alilipaka mafuta kwa kitambaa, akaliacha likauke, akalipaka tena. Kwa muda mrefu nyumba yetu ilinuka hivyo, na nguo zangu za shule zilinuka hivyo.

Namna ya kwanza aliyojifunza ilikuwa ile Mwalimu Fang aliyoiita ya mwanzo, ya mtu mwenye mikono yote na kafi lake. Mama alijibana pua kwa kibanio, akajilaza upande, kayaki ikaonesha tumbo. Nikaona kafi peke yake likitoka juu ya maji, likafagia nusu duara pole pole, kiuno kikavuta, na Mama akaibuka amelala chali juu ya mgongo wa kayaki, maji yakimtiririka usoni. Siri yake ilikuwa kichwa. Kichwa hutoka mwisho. Mtu anayekosa hewa hutaka kukitanguliza, na akikitanguliza anazama tena. "Kichwa mwisho!" Mwalimu Fang alipiga kelele Jumamosi nzima, hadi na mimi nikawa nasema hivyo nyumbani nikivaa fulana.

Mama aliishika upesi. Ikafika wakati anapinduka na kuibuka mfululizo bila kupumzika, kafi halitoi hata sauti. Nilikuwa nikikaa kwenye vigae vya joto nikimtazama, na sidhani kama nimewahi kujivunia mtu namna ile.

Kisha akaanza kupanda hatua.

Jumamosi moja sikumwona akilishika kafi kwa mikono miwili. Alilibana kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, kiganja kikiwa wazi, akalisukuma kwa mkono wa kushoto. "Hiyo ni ya nini?" nikauliza. Mwalimu Fang akamtazama Mama kwanza. "Ya mwindaji ambaye vidole vyake vimekufa ganzi," akasema. Nikapiga makofi. Baadaye akaliacha kafi kabisa, akawa anaibuka kwa mkono wa kushoto pekee ameshika kile kibao kifupi, mkono wa kulia ameukunja kifuani. Hii ilikuwa ngumu kupita zote nilizoziona. Wengine bwawani waliacha mazoezi yao na kutazama. Alirudi chini mara nyingi kabla hajaiweza, na alipoiweza hakuna aliyeshangilia isipokuwa mimi. Niliona wenzake ni wenye wivu.

Nyumbani nako alikuwa kwenye mazoezi, ndivyo nilivyoelewa. Alikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amenikataza. Asubuhi aliniita nimfunge pini ya mtandio.

"Mama, leo tena huutumii wa kulia?"

"Nimeupumzisha."

"Mpaka lini?"

Baba alikuwa akinywa chai. Akaweka kikombe chini. "Mpaka upate nguvu," akasema yeye. "Nenda kavae viatu."

Kafi nalo alilipunguza. Aliketi kibarazani akalikwangua kwa kisu, kwa mkono wa kushoto asiouzoea, hadi likawa jembamba kama rula nene. Niliona ni sawa. Hata wanariadha kwenye televisheni walikuwa na viatu vyepesi kuliko vya watu.

Shuleni nilisema Mama yangu ni bingwa wa watu wa barafu hapa Guangzhou nzima. Xinyi, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, hakuniamini. Akasema mama yake alimwambia Waafrika hawajui kuogelea. Nikamwambia aje Jumamosi aone kwa macho yake, na amlete mama yake pia.

Wakaja kweli, wote wawili. Mama yake Xinyi alivaa viatu vya visigino akavivulia mlangoni, akasimama kwenye vigae na soksi zake. Mama alikuwa tayari ndani ya maji. Alifanya ile ya mkono mmoja. Haikumtoka vizuri, aliibuka kwa taabu, kayaki ikayumba. Xinyi akaninong'oneza, "Mbona anafanya vibaya?" Nikaona hawaelewi ugumu wake. Mtu asiyejua mambo inabidi uanze kumwonesha kitu rahisi. Nikasimama ukingoni nikaita kwa Kichina ili wote wasikie: "Mama, fanya ile ya mwanzo! Ile rahisi, ya kafi!"

Mwalimu Fang akasema hapana, inatosha leo. Mama akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akasema, "Nipe kafi."

Nikamkabidhi mwenyewe. Aliukunjua mkono wa kulia akavizungusha vidole kwenye mti wa kafi, kimoja kimoja, kwa kutumia vidole vya kushoto. Akajilaza upande, tumbo la kayaki likageuka juu.

Kafi lilitoka majini, likafagia kidogo, halafu upande mmoja ukajiachia. Niliona likielea peke yake. Kayaki ikainuka nusu, uso wa Mama ukaonekana, mdomo ukafunguka, ukarudi chini. Ikainuka tena, kidogo kuliko mara ya kwanza, ikarudi. Kisha nikasikia kiganja kinagonga ubavu wa kayaki, ishara ya kuomba kutolewa, na Mwalimu Fang alikuwa ameshafika, akaishika kwa mikono miwili na kuigeuza. Mama alikohoa kwa muda mrefu akiwa ameinamia mbele. Mama yake Xinyi akamshika mwanawe bega, wakaondoka bila kuaga, viatu mkononi.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi la plastiki la buluu. Nilimfuta nywele kwa taulo kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuinua mikono yote.

"Kwa nini hukuifanya?"

"Sikuweza."

"Lakini hiyo ni ya mwanzo. Uliniambia ni rahisi."

"Ni rahisi. Na ndiyo iliyotangulia kunitoka." Akauchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka mapajani kwangu. Ulikuwa mwepesi, na nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea. "Ona. Mkono huu unakufa, Rukia. Nilikuwa nabadilisha namna kwa ajili ya mkono. Ulipokuwa unanipigia makofi nilikosa la kukwambia."

"Utapona lini?"

"Siponi, mwanangu."

"Baba amesema mpaka upate nguvu."

"Baba ameambiwa kila kitu. Hajakubali tu."

Ni kweli Baba hakukubali. Baba alikuwa mtu wa kutafuta kitu mpaka kipatikane. Alimpeleka Mama kwa waganga wa Kichina wanaochoma sindano mwili mzima, akaleta mizizi na magome ya miti ya kuchemsha, hadi jiko likawa na ukungu mweusi dari nzima. Wafanyabiashara wenzake waliotoka Hija wakamletea zamzam. Kila jambo jipya aliliingia kwa moyo mzima, akisema, "Hili sasa, Mama Rukia, hili ndilo." Mama alikunywa kila alichopewa. Mguu wa kulia nao ukaanza kuburutika, na maneno yake yakaanza kuteleza mwishoni.

Wakati huo ndipo alipotaka nichongewe kafi langu. Akanisimamisha ukutani, nikanyoosha mikono, Baba akaweka alama. Randa akaishika Baba, ambaye maisha yake yote hakuwa ameshika chombo kikali kuliko kisu cha kufungulia maboksi. Mama aliketi kwenye kiti akimwelekeza. "Fuata... fuata nyuzi za mti," alisema, na neno "mti" likatoka kama "nti". Baba alikwangua hadi jasho likamdondokea. Upande mmoja ukawa mnene, mwingine umepinda kama mguu wa kuku. Alipoliinua alione, Mama alicheka hadi akainama, na Baba naye akacheka akiwa ameketi katikati ya maranda, akajifuta macho, kisha akaendelea kuyafuta wakati kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kafi hilo halikumalizika. Hata hivyo Mwalimu Fang alinifundisha kwa la kwake, kwa sababu Mama alitaka kuniona nikiibuka. Sikuweza hata siku moja. Kila nilipokuwa chini nilisikia moyo wangu masikioni, nikatanguliza kichwa, nikazama, nikapiga ubavu wa kayaki na Mwalimu akanitoa. Mama alikuwa akitazama kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Alinyoosha shingo kila mara nilipoinuka, na kuirudisha kila mara niliposhindwa.

Kuna Jumamosi moja alimwomba Mwalimu Fang amwingize majini. Baba alikataa. Mama akamtazama mpaka akaacha kusema. Wakamwinua wote wawili, wakamketisha kwenye kayaki, Mwalimu akasimama majini ubavuni kwake. "Nipindue," Mama akasema. Kafi hakuwa nalo, wala kibao. Walikubaliana tu kwamba atagonga kwa mkono wa kushoto atakapotaka kurudi.

Mwalimu akampindua. Bwawa likatulia. Niliona nguo yake nyeusi ikipeperuka taratibu chini ya maji, na mikono yake yote miwili, wa kushoto na wa kulia, imefunguka sawasawa. Nilisubiri sauti ya kugonga. Baba naye alisubiri, akiwa amechutama ukingoni na viatu vyake vya ofisini vimelowa. Kisha akapiga kelele, "Mtoe! Mtoe!" kwa Kiswahili, na Mwalimu Fang ambaye hajui Kiswahili akamgeuza.

Mama hakuwa amepaliwa. Alipumua tu kwa nguvu. "Sikugonga," akasema.

"Ungegonga lini?" Baba akauliza. "Lini, mke wangu?"

"Kule chini mkono hauna uzito." Ilimchukua muda kuyatoa maneno hayo. "Nilitaka kukaa kidogo."

Hatukurudi tena bwawani.

Mama hakumaliza mwaka baada ya hapo. Alifia Tanga, nyumbani kwa Bibi, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazamana na bomba la maji la mtaa, mchana, watu wakigombania foleni nje. Mimi nilikuwepo na nilikuwa nimemlalia miguu. Kuhusu siku hiyo sina la zaidi. Ila kabla hatujasafiri palikuwa na siku ya hospitali, hapa Guangzhou, na hiyo ninayo yote.

Ulimi wa Mama ulikuwa umeshashindwa. Alikuwa kwenye kiti, mto mdogo shingoni, na kitambaa cha kumfuta mate nilikishika mimi. Kichina chake kilikuwa bora kuliko chetu sote. Alisoma na kuandika kwa lugha hiyo. Baba alijua Kichina cha sokoni, cha rangi na saizi na "laoban, bosi, punguza." Kwa hiyo aliyekuwa akitafsiri ni mimi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Alizungumza akimtazama Baba, kisha akanigeukia mimi. "Mwambie baba yako, meiyou banfa."

"Anasema hakuna namna," nikasema.

"Namna ya nini?"

"Ya kumtibu Mama. Anasema tumpeleke nyumbani wakati bado anaweza kupanda ndege."

Baba alilijua lile neno, meiyou. Kwenye maduka ya Guangyuan Xilu alilisikia kutwa. Pale mtu akikwambia meiyou, mzigo hakuna, hujaambiwa kitu. Unasimama, unauliza tena, na mzigo unashuka kutoka ghorofani.

"Muulize tena," akasema.

Nikauliza tena. Daktari akajibu polepole, kwa maneno mepesi ya mtoto, akionesha kifua chake kwa mkono. Palikuwa na neno moja ambalo sikulijua. Nikageuka kumtazama Mama, kwa sababu maneno nisiyoyajua ndiye niliyemwuliza siku zote. Mama akafumba macho.

"Anasema nini?"

"Anasema baada ya koo ugonjwa utafika hapa," nikasema, nikaonesha kifua changu. "Anasema hakuna dawa."

"Muulize kama ipo Beijing. Muulize kama nje ipo. Muulize vizuri, Rukia, usimkatie maneno. Muulize tena."

Nikauliza tena. Nilisema Beijing, nikasema nchi za nje, nikasema tafadhali. Safari hii daktari hakumtazama Baba kabisa. Akavua miwani akaniuliza kitu.

"Anasema nini?" Baba alikuwa amesimama.

"Ananiuliza nina miaka mingapi."

 Baba akanitazama mimi, na kitambaa kile mkononi mwangu, kisha akamtazama Mama, ambaye sasa alikuwa amefumbua macho na anamwangalia yeye tu. Aliketi tena kwenye kiti chake.

"Mjibu," akasema.

"Kumi," nikamwambia daktari.

Daktari akaitikia kwa kichwa, akafunga faili. Baba akainuka, akashika kiti cha Mama kwa nyuma, na hakunituma kuuliza tena.